Gadi Bartolomeo na Reli ya Bandani

Siku nguruwe sita wa Mektilda walipokufa, mumewe Bartolomeo alikuwa akipima banda kwa unyayo.

Mektilda alimwona kwa macho yake mawili. Yeye alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, khanga imembana pua, akimsubiri mumewe alete mafuta ya taa. Bwana mifugo alikuwa ameshatoa amri na kuondoka: homa ya nguruwe haina dawa, wachome wote, mwaga chokaa, fukia, usibaki hata ukwato. Masikio ya wale wanyama yalikuwa yamegeuka rangi ya zambarau. Jike kubwa jeupe, ambalo Mektilda alikuwa akiliita Bibi Arusi kwa jinsi lilivyokuwa likitembea kwa madaha, lilikuwa limelala juu ya wenzake na damu imegandia puani. Nzi hawakusubiri mwaliko.

Mafuta hayakuja. Mektilda akageuka kutazama. Akamwona Bartolomeo ndani ya banda, galoni la mafuta mkononi, anatembea kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole, midomo inahesabu.

"Kumi na moja," alisema Bartolomeo peke yake. "Kumi na moja na nusu. Upana saba. Basi inatosha!"

Mektilda alitema mate chini. Tangu siku ile kinyaa kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hakishuki wala hakitoki.

Sasa huyu Bartolomeo lazima tumjue. Ni mtu wa Madaba kwa kuzaliwa, akaingia reli akiwa kijana na akastaafia huko. Miaka thelathini alikuwa gadi, yaani yule anayekaa behewa la mwisho na bendera yake ya kijani na nyekundu, dereva haondoki mpaka yeye apunge. Alipostaafu alikuja kujenga Mshangano, pembeni mwa mji wa Songea, mji ambao treni haujawahi kuiona. Ni mtu msafi wa mavazi, shati lake lina mstari wa pasi hata siku ya kupalilia. Si mlevi, si mgomvi. Ila ana ugonjwa mmoja: hamalizi jambo. Kila kitu kwake ni mbele kwa mbele. Nyumba alijenga kwa kukadiria, mlango wa sebuleni ukatoka mwembamba, na kochi kubwa mpaka leo liko barazani linanyeshewa. Ukimwuliza, atakujibu, "Mbele kwa mbele, Mama Pamela, tutaupanua." Pamela ni binti yao, ameolewa na ana watoto wawili, na mlango bado haujapanuliwa.

Alichokuwa akikipimia banda ni treni.

Si treni ya watu. Ni treni ya mfano, injini yake urefu wa kiganja na inatembea kwa umeme kwenye reli nyembamba kama njiti. Wakati Bartolomeo anajifunza kazi, mwalimu wao mmoja wa kigeni, mzee aliyeitwa Otto, alikuwa akiwafundisha ishara na njia kwa treni ile juu ya meza. Alipokuwa anarudi kwao aliwaita wanafunzi wake wawili, Bartolomeo na Abdul. Bartolomeo akapewa injini na transfoma ya kupunguza umeme. Abdul, aliyekuwa pointiman, mtu wa kugeuza njia stesheni, akapewa reli zote, pointi na mabehewa. Mzee yule alijua alichokuwa akikifanya. Mwenye injini hana pa kuipitisha, mwenye reli hana cha kupitisha. Hawakuwa na budi kuhitajiana.

Mektilda hakuwa adui wa treni ile, tusimsingizie. Alipoolewa walipangiwa chumba kimoja cha kota kule Mlimba, na jioni Abdul alikuwa akija na reli zake kwenye mfuko wa salfeti. Kwa kuwa nafasi haikuwepo, walikuwa wakizitandika chini ya kitanda, zinatokea miguuni, zinazunguka ndoo ya maji na kurudi. Bibi harusi amekaa kitandani miguu juu, injini inapita chini yake inalia kama cherehani. Alikuwa akicheka mpaka machozi. Baadaye Abdul akahamishwa, kisha na wao wakahamishwa, na treni ikaingia kwenye bati la biskuti kwa miaka ishirini na sita.

Kwa hiyo Bartolomeo alipolitoa bati lile, wiki moja baada ya nguruwe kufukiwa, Mektilda moyo ulitaka kulegea. Lakini mtu akitoa bati la ujana wake aliweke juu ya mavi, moyo utalegea vipi?

"Kwa nini usitandike ndani ya nyumba?" alimwuliza.

"Ndani wapi? Chumba cha nyuma kina magunia ya mahindi. Chumbani kwetu ukifungua kabati, mlango unagonga kitanda. Sebuleni mna meza, mna jokofu, mna Moyo Mtakatifu wa Yesu ukutani na taa yake. Hii reli inataka kuzunguka, Mama Pamela. Treni isiyozunguka ni toroli."

"Basi lisugue kwanza lile banda. Usugue mpaka saruji itoe machozi."

"Nitasugua."

Alimwaga ndoo moja ya maji ya sabuni. Moja. Akafagia yakatokea mlangoni, akasubiri pakauke, akapaka chokaa kuta zote, nyeupe pe! Mektilda alikwenda kutazama. Kwenye pembe za chini, pale nguruwe walipokuwa wakijikuna, brashi ilikuwa imepita juu ya uchafu uliokauka, ukabaki na vinundu vyeupe kama upele uliopakwa poda.

"Umepaka chokaa juu ya mavi," alisema.

"Chokaa ni dawa. Hata bwana mifugo aliagiza chokaa."

"Ya kumwaga juu ya maiti, Baba Pamela!"

"Mbele kwa mbele. Nitarudia."

Hakurudia. Alikuwa ameshashika penseli. Alichukua kalenda ya parokia ya mwaka uliopita, akageuza mgongo wake, akachora. Na hapo, kusema kweli, mtu yule alikuwa na akili. Alivunja kiukuta cha katikati kilichokuwa kikitenga jike na watoto. Akazungusha rafu ya mbao kutani kote, usawa wa kiuno, mtu asimame katikati na treni imzunguke. Mlangoni ambapo rafu ilikatika aliweka ubao wa bawaba: unauinua unaingia, unaushusha unakuwa daraja. Kulia stesheni ya Mlimba, nyuma upande wa kaskazini stesheni ya Makambako, katikati milima na handaki. Na lile birika refu la saruji walimolishiwa nguruwe, alilolijengea mwenyewe ukutani, hakulivunja. Alilifanya bonde. Juu yake akapanga vijiti vya mianzi, nguzo kwa nguzo, likawa daraja la Mpanga na mto chini.

Mektilda alichungulia birika lile. Kwenye kona yake pumba ya zamani ilikuwa imegandamana, nyeusi, na juu yake mumewe amepaka rangi ya bluu.

Milima ilitengenezwa kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa muhogo. Ilipokauka ilipendeza, hakuna ubishi. Lakini uji ni chakula. Wiki ya pili mende walikuwa wamehamia handakini. Wiki ya tatu kitu kilikuwa kinaguguna ndani ya mlima mchana kweupe. Na jua likipiga bati la paa saa saba, harufu ikaanza kupanda kutoka kwenye saruji: mkojo wa zamani, mashudu, na kitu kingine kitamukitamu ambacho Mektilda alikijua tangu siku ya shimo. Bartolomeo akatundika vidonge vya kufukuza nondo ndani ya soksi. Sasa banda likawa linanuka nguruwe aliyevaa suti.

Jirani Kunegunda, mwanamke ambaye ulimi wake hauna likizo, alikuwa akiegemea ua wa matete kila asubuhi.

"Mama Pamela, tumsifu Yesu Kristo! Nasikia mumeo kahamia bandani?"

"Milele amina. Achana na mimi, Kunegunda."

"Mimi nauliza tu. Maana nguruwe wa zamani walikuwa wakinenepa. Huyu wa sasa naona anakonda."

Mektilda hakucheka. Alikuwa akifikiria jambo lingine kabisa. Alikuwa akimfikiria Abdul.

Abdul alikuwa amerudi kwao Namtumbo, analima tumbaku na mahindi. Bartolomeo alikuwa akimpigia simu karibu kila siku, ameweka sauti ya nje, ananguruma kama yuko stesheni.

"Bwana Gadi!" Abdul aliita siku moja. "Umepata wapi nafasi, wewe uliyejenga nyumba ya kuingilia ubavu?"

"Chumba cha uani, Bwana Pointi. Kikavu, tulivu. Kuta nyeupe kama jino."

"Upana?"

"Unyayo saba."

"Wako au wa mtu mzima? Sikiliza, kona yangu ndogo kabisa ni nusu mita kutoka katikati. Ukiibana zaidi ya hapo behewa linaanguka. Umepima?"

"Nimekadiria."

"Ulikadiria na mlango!" Abdul alicheka mpaka akakohoa. "Haya, mahindi yangu yakiingia ndani, nakuja. Nimezisugua reli zote, zinang'aa. Yaani toka juzi nalala nazo kichwani kama mto."

Simu ilipokatika, Mektilda aliweka chini ungo wa maharage.

"Umemwambia ni banda la nguruwe?"

"Nimwambie nini? Nguruwe wamekufa, na banda limekufa nao. Sasa hivi ni chumba."

"Mtu yule anasali sala tano. Mwambie."

Bartolomeo akashika ile injini, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo. "Nikimwambia hatakuja. Asipokuja na reli, hiki ni chuma cha kuzuilia mlango. Nina miaka sitini na minne, Mama Pamela. Nataka nione inazunguka mara moja tu."

"Basi mwambie, halafu msugue wote wawili."

"Mbele kwa mbele."

Mektilda alimtazama mwanamume yule mwenye shati la mstari, akaona kama vile anatazama zile pembe za chini za banda. Nje nyeupe.

Mgeni alipangiwa kufika Jumamosi ya pili ya Juni, baridi imeshika. Mektilda alifanya yaliyo upande wake. Sufuria zake zote zilikuwa zimepikiwa kitimoto kwa miaka, kwa hiyo alikwenda sokoni kununua mbili mpya, na birika jipya la chai, na kopo jipya la maji. Jogoo alimpeleka ng'ambo ya barabara kwa Shakila, jirani yao Mwislamu, mumewe Shakila akachinja kwa kisu chake mwenyewe, maana ndivyo inavyofanywa kwa mgeni mwenye dini yake. Mwiko alichonga mpya. Kunegunda alipoona pilika zile alisema, "Unaposa?" Mektilda akamjibu, "Naficha aibu," na hakueleza zaidi.

Abdul akaja kwa basi la asubuhi. Bajaji ilimshusha getini: mzee mrefu, kofia nyeupe, ndevu chache, na begani ule ule mfuko wa salfeti, au ndugu yake. Akauweka chini taratibu kama aliyebeba mayai.

"Shikamoo, shemeji!" Mektilda alimtania, kwa kuwa walikuwa marika.

"Marahaba, mjukuu wangu! Miguu bado unaikunja juu ya kitanda, au sasa inauma?"

Hapo Mektilda alicheka, na kicheko kile kikamchoma. Ukimpenda mgeni, uongo unakuwa mzito zaidi.

Walikunywa chai barazani, kwenye kochi lile lile lisiloingia ndani. Kisha Bartolomeo hakuweza kungoja tena, akamshika mwenzake mkono kama mtoto. Mektilda akafuata nyuma na sahani ya karanga, ingawa hakuna aliyeomba karanga.

Abdul aliinua ubao wa mlangoni, akaingia, akasimama katikati. Alizunguka polepole. Stesheni ya Mlimba na ubao wake wa jina. Handaki. Makambako. Macho yake yalijaa maji, na hakuyaficha.

"Bwana Gadi," alisema kwa sauti ndogo. "Umeijenga njia nzima."

"Nusu tu. Reli unazo wewe."

Abdul akapima kona kwa shibiri, akatikisa kichwa. "Hii umeibana. Lakini tutaipanua, mbao zipo." Kisha akainama juu ya daraja la Mpanga. "Na hili la saruji, lilikuwa la nini?"

"Birika la kufulia," alisema Bartolomeo haraka.

Mektilda aliiweka sahani ya karanga juu ya rafu.

"La kufulia chini namna hii? Mlikuwa mnafua mmepiga magoti?" Abdul alicheka, akavuta hewa, akakunja pua. "Pana nondo wengi humu?"

"Wengi, wengi sana."

Msikiti wa mtaani ukaadhini adhuhuri. Abdul akatazama saa, akatazama zile kuta nyeupe zisizo na kitu.

"Hapa hapa patanifaa," alisema. "Sebuleni kwako kuna picha, si vibaya, ni dini yako. Hapa kuna utulivu. Na kibla ni kaskazini, upande ule ule wa stesheni yako ya Makambako. Shemeji, nipatie maji kidogo, msala ninao kwenye mfuko."

Mektilda alimpa kopo jipya la maji, na Abdul akaenda kutawadhia nyuma ya nyumba. Wakabaki mke na mume ndani ya banda, na harufu katikati yao.

"Mwambie," alisema Mektilda.

"Ni dakika tano tu. Atasali, ataondoka."

"Mwambie, Bartolomeo." Hakumwita Baba Pamela.

"Mungu anatazama moyo, hatazami saruji."

"Basi na wako anautazama."

Bartolomeo alitazama milima yake. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na Juni ile ilikuwa ya baridi kali. Mektilda aliwaza: ningemwona huyu anakula kutoka kwenye birika lile nisingechukia kama ninavyochukia sasa.

Abdul akarudi, mikono na uso vinadondoka maji, safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Msala begani. Akavua kiatu kimoja mlangoni.

Mektilda alimpa mumewe nafasi ya mwisho. Alihesabu moyoni, moja, mbili, tatu. Bartolomeo akatabasamu, akanyoosha mkono kuonyesha sakafu.

"Tandika tu, ndugu yangu."

Abdul akavua kiatu cha pili.

"Shemeji, usiweke paji la uso hapo," Mektilda alisema. Sauti yake ilitoka kavu. "Hili ni banda la nguruwe. Walikuwa wangu, sita. Walifia humu mwezi wa tatu, na hilo birika ndimo walimokuwa wakilia chakula. Halijasuguliwa. Limepakwa chokaa juu."

Mende mmoja alitoka handakini, akasimama pale ambapo treni ingesimama, akapapasa hewa.

Abdul aliuvuta msala kutoka begani, akaukumbatia kifuani kama vile unaweza kuchafuka kwa hewa tu. Akarudi nyuma mpaka akawa nje, akavaa viatu vyake vyote viwili bila kuinama. Akamtazama Bartolomeo, na ule uso uliokuwa na machozi ya furaha nusu saa iliyopita ukajikunja pole pole, kama mtu aliyeuma tunda akaona nusu ya funza.

"Nilikuuliza," alisema.

"Abdul, sikiliza, ningekwambia..."

"Nilikuuliza birika la nini. Ukanitazama machoni."

Akavuka barabara kwenda kwa mume wa Shakila, akaoga upya huko na kusali huko. Bartolomeo akamgeukia mkewe.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni!"

"Ulizivua mwenyewe siku ya shimo. Mimi nimekuonyesha tu kwamba uko uchi."

"Mke gani anamchongea mumewe?"

"Yule aliyenunua sufuria mpya mbili ili mgeni asidanganywe kwa mchuzi, halafu wewe ukataka kumdanganya kwa Mungu. Ondoka mbele yangu, unanuka."

Na kweli alikuwa ananuka. Miezi mitatu ya kushinda mle ilikuwa imeingia kwenye shati la mstari.

Mektilda hakutegemea Abdul angerudi isipokuwa kuchukua mfuko wake. Lakini alirudi. Akaketi kwenye kochi la barazani, akanawa, akala wali na kuku. Hakuuliza sufuria ni zipi, hakuuliza kuku kachinjwa na nani. Alikula mpaka akamaliza, akasema, "Alhamdulillahi. Shemeji, mkono wako haujazeeka." Mektilda ilibidi aingie ndani kidogo, akasimama kati ya jokofu na Moyo Mtakatifu, akafuta macho kwa pembe ya khanga.

Alipotoka alimkuta Abdul amesimama, mfuko begani. Bartolomeo ameketi kwenye ngazi, kichwa chini.

"Bwana Gadi," Abdul alikuwa akisema, "mimi na wewe tulishawahi kuokota ng'ombe aliyegongwa na treni, vipande vipande, jua kali, na bado tukala chakula cha mchana. Unadhani mimi naogopa uchafu? Saruji si dhambi. Tulivyofundishwa madrasa, najisi ya nguruwe inaondoka: maji mara saba, na moja katika hizo iwe na udongo safi. Ungeniambia kwenye simu, ningekuja na brashi yangu."

"Nisamehe."

"Lakini uongo sijui unaoshwa mara ngapi. Hilo hawakunifundisha."

Akafungua mfuko, akatoa kipande kimoja cha reli, cha kona, kinang'aa. Akamwekea mwenzake mapajani.

"Hicho kitakusaidia kupima. Usikadirie tena. Nyingine naondoka nazo. Nitampigia simu shemeji, si wewe. Siku shemeji akiniambia zimetimia saba, nitakuja."

Bajaji ikamchukua kwenda stendi.

Siku ya nne Bartolomeo aliunganisha waya, akakiweka kile kipande cha reli juu ya meza ya sebuleni, akaweka injini, akawasha transfoma. Injini ililia kama cherehani. Ikasogea shibiri moja ikiinama kufuata kona, reli ikaisha, ikaanguka ubavu, magurudumu yanazunguka hewani. Aliiinua akairudisha. Ikaanguka tena. Akafanya hivyo mara nyingi, na Mektilda jikoni alikuwa akisikia: lia, anguka, lia, anguka.

Kisha Bartolomeo akaenda bandani na nyundo.

Huwezi kuosha ukuta ambao umebeba milima. Ilibidi avunje vyote, Mlimba, Makambako, nguzo za mianzi moja moja. Alipoung'oa mlima mkubwa ulitoka mzima mzima, na ndani yake mlikuwa na kiota cha panya kilichojengwa kwa matambara na ile ile soksi ya nondo. Vitoto saba vya rangi ya waridi, havina manyoya, vinajinyonganyonga. Mende walimwagika kama mtama kutoka gunia lililopasuka. Na chini ya rafu, pale chokaa ilipobanduka kwa unyevu, uchafu wa zamani ulikuwa umelainika tena, na funza wamo. Bartolomeo alitoka nje mbio akatapika kwenye mashina ya migomba, shati la mstari na yote.

Mektilda alimtazama akitapika. Alijitafutia huruma moyoni, akapata kidogo, akaona haitoshi, akaiacha.

Alimletea ndoo, brashi ya chuma, na beseni la udongo mwekundu aliouchimba mwenyewe nyuma ya migomba, mbali na lile shimo. Kisha akageuza ndoo nyingine chini juu, akaikalia mbele ya mlango wa banda.

"Unafanya nini?" Bartolomeo aliuliza.

"Nahesabu."

Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili yalitoka kahawia, na mabonge. Alivunja lile birika kwa sururu, na chini yake mkatoka harufu iliyomfanya Kunegunda akimbie uani akisema Maria Mtakatifu. Maji ya tatu. Ya nne, ya udongo, alisugua mpaka vidole vikavimba. Mektilda hakuinuka. Kila ndoo ilipomwagwa aliyatazama maji yanavyopita miguuni pake kuelekea mtaroni, na kinyaa chake kilikuwa bado kipo pale pale kooni.

Maji ya tano yalitoka ya vumbi. Bartolomeo aliegemea mlango, anahema. Akachota kopo moja la maji, akayarusha ukutani. Akachota la pili, akayarusha. Akaweka brashi chini.

Simu ya Mektilda ikalia.

"Shemeji," sauti ya Abdul ilisema. "Habari za huko? Zimefika ngapi?"

Bartolomeo alisikia. Alisimama wima ndani ya banda, akainua mikono yote miwili kama alivyokuwa akiinua bendera zake zamani, mmoja umefunguka vidole vitano, mwingine vidole viwili. Saba. Akavitikisa. Uso wake ulikuwa unaomba.

Mektilda alitazama vile vidole. Akatazama sakafu, ambapo matone ya yale makopo mawili yalikuwa yameshaanza kukauka.

"Tano, shemeji," alisema. "Bado mbili."

Mikono ya Bartolomeo ilishuka. Akachukua ndoo, akapita mbele ya mkewe bila kumtazama, akaenda bombani.